Kabla ya Kununua Hisa Asubuhi na Kuiuza Alasiri

(Mazungumzo ya Kamati ya Uwekezaji kwa wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya chama)

  Tumeambiwa tusizidi nusu saa kwa sababu pilau iko tayari, na sisi wenyewe harufu yake inatusumbua, kwa hivyo tutaingia moja kwa moja katika jambo tulilotumwa.

Katika mkutano wa mwezi uliopita baadhi ya wanachama, hasa mabinti zetu waliojiunga juzi juzi, walitoa pendekezo kwamba robo ya fedha zilizo katika hazina itolewe, zinunuliwe hisa katika Soko la Hisa la Nairobi, na hisa hizo ziwe zikiuzwa upesi upesi, nyingine siku hiyo hiyo, ili faida irudi chamani kila wiki. Hoja yao ilikuwa na nguvu. Walisema pesa zimelala benki zinaliwa na bei za vitu, na viti na hema zetu haziwezi kukodishwa kila siku. Wengine, hasa wale walioanza chama hiki kwa shilingi hamsini hamsini pale sokoni Kongowea, walisema hiyo ni kamari na wakasimama. Maneno yakawa mengi mpaka katibu akaomba kalamu nyingine. Mwisho tukaagizwa sisi tueleze hisa za namna hiyo huchaguliwaje na mtu anayeanza, na tutoe maoni yetu kabla ya kura ya mkutano mkuu. Ndiyo kazi tuliyokuja nayo.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nini. Kuna mtu hununua hisa akae nazo miaka, apokee gawio kila mwaka, na wajukuu wazikute. Huyo si wa leo. Leo tunamzungumzia yule anayenunua saa nne asubuhi akitaka kuuza saa nane mchana, au anunue Jumatatu auze Alhamisi. Soko lenyewe huuza na kununua kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa. Hisa unayonunua huchukua siku tatu za kazi kuwa yako kamili katika akaunti ya CDS, na kwa sababu hiyo kwa miaka mingi haikuwezekana kununua na kuuza siku moja. Ni tangu Novemba 2021 ndipo Soko liliporuhusu rasmi biashara hiyo ya siku moja. Kwa hivyo mabinti zetu hawakuzua jambo. Wametaja kitu kilichopo na kilicho halali.

Tuseme pia kwa kupitia tu, kwa kuwa leo ni siku ya kumbukumbu: soko hili lilianzishwa mwaka 1954, na katika miaka yake ya mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kununua hisa humo mpaka tulipopata uhuru mwaka 1963. Kwa hivyo mama wa Kongowea kukaa na kujadili hisa si jambo dogo, na hatutaki mtu yeyote aondoke hapa akifikiri kwamba tumesema hisa si za akina mama.

Haya, sasa tuje kwenye kuchagua.

Mtu anayeanza huuliza swali moja tu: hisa gani itapanda? Sisi tunaona hilo si swali la kwanza. Nyinyi nyote mmeuza bidhaa. Ukienda kununua nyanya alfajiri ili uziuze siku hiyo, kitu cha kwanza unachojiuliza si kama bei itapanda mchana. Unajiuliza, je, mchana kutakuwa na wanunuzi? Kwa sababu nyanya unazoshindwa kuuza jioni hazikungojei. Hisa haiozi, ni kweli, lakini pesa uliyoikusudia kurudi leo isiporudi leo, kwako wewe imekwisha oza, hasa ikiwa ni pesa ya chama na kuna mwenzetu anangojea mkopo wa karo.

Katika Soko la Nairobi kuna kampuni kama 60 hivi. Ukisikia hivyo unadhani uwanja ni mpana. Si mpana. Biashara nyingi ya kila siku imo katika kampuni chache: Safaricom, benki kubwa kama Equity, KCB na Co-operative, na nyingine za kuhesabu. Zilizobaki, nyingi zinauzwa kidogo kidogo, na nyingine kuna siku zinapita bila hisa hata moja kubadilisha mkono. Chukueni Limuru Tea. Ni kampuni iliyoorodheshwa sokoni kama hizo nyingine, ina bei yake kwenye orodha, lakini hisa zake zote ni chache na wenye nazo hawaziachilii. Ukiinunua asubuhi ukitarajia kuiuza saa nane, utamuuzia nani? Utakaa nayo, na bei itaendelea kuandikwa pale pale kila siku kama kwamba ni bei kweli, kumbe ni kumbukumbu tu ya mtu wa mwisho aliyeuza.

Ndiyo maana tunawaomba, mkifungua orodha ya bei za hisa, iwe ya gazeti au ya simu, msianze na safu ya bei. Anzeni na safu ya idadi ya hisa zilizouzwa. Na msitazame siku moja. Tazameni mwezi mzima, kwa sababu siku moja hisa milioni zinaweza kuuzwa ikawa ni mfuko mmoja wa pensheni umeuzia mwingine, na kesho yake kukawa kimya. Kisha jipimeni nyinyi wenyewe. Ikiwa hisa fulani kwa siku ya kawaida huuzwa 500 tu, na wewe unazo 1,000 za kuuza leo, jamani, wewe ndiwe soko. Hakuna mwingine. Ukitaka kutoka utashusha bei kwa mkono wako mwenyewe.

Ndugu wa jambo hilo ni pengo la bei. Kila hisa ina bei mbili kwa wakati mmoja: bei anayoitaka anayeuza, na bei anayoitoa anayenunua. Kwa Safaricom bei hizo mbili hukaribiana sana, senti chache tu. Kwa hisa isiyotembea unaweza kukuta anayeuza anataka shilingi 12 na anayenunua anatoa 11. Ukinunua kwa 12 na dakika ile ile ukabadilisha mawazo, utauza kwa 11. Umepoteza shilingi moja katika kila 12 na soko halijafanya lolote, wala hakuna habari mbaya iliyotoka. Kwa hivyo mwagizeni dalali kwa bei maalumu, mseme, "ninunulie kwa 20 isizidi hapo." Msiseme, "ninunulie kwa bei yoyote iliyopo." Neno hilo la bei yoyote limewagharimu watu pesa nyingi.

Sasa tunafika mahali ambapo tungependa mweka hazina atusikilize vizuri, ingawa yeye anajua hesabu kutushinda. Mahali hapo ni ada.

Kununua kuna ada na kuuza kuna ada. Kuna ya dalali, kuna ya Soko, ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na ya shirika linaloweka hisa. Kwa mtu mdogo, zote pamoja zimekuwa zikikaribia shilingi 2 kwa kila 100. Wapo madalali wanaotoza chini ya hapo, hasa kwa wanaofanya biashara kwa simu, na kila mmoja apige hesabu kwa ada atakayoambiwa na dalali wake. Sisi tutatumia shilingi 2 ili tuelewane.

Umenunua hisa 1,000 kwa shilingi 20 kila moja. Hiyo ni shilingi 20,000. Ada ni 400. Umetoa 20,400. Mchana bei imepanda mpaka 20.50, umefurahi, umeuza. Umepata 20,500, lakini ada ya kuuza ni 410, kwa hivyo mkononi unapokea 20,090. Ulitoa 20,400. Umepata hasara ya shilingi 310, na bei imepanda! Dalali amekula mara mbili. Ili urudishe pesa yako tu, bila faida ya hata senti, hisa hiyo lazima ifike karibu shilingi 20 na senti 82. Na siku nyingi hisa kubwa, zile tulizosema zina wanunuzi, husogea senti chache tu toka asubuhi mpaka jioni.

Hapo ndipo ulipo mtego wenyewe, na tungependa tukae hapo kidogo. Hisa zenye wanunuzi wengi hazisogei vya kutosha kulipa ada kwa siku moja. Hisa zinazosogea sana mara nyingi hazina wanunuzi. Mwenye kuchagua hisa ya siku moja anatafuta ile inayopita katika mlango mwembamba baina ya hizo mbili: ina wanunuzi wengi, na leo ina sababu ya kusogea kuliko kawaida. Siku za namna hiyo zipo, lakini ni chache kwa mwaka, na siku nyingine zote uchaguzi mzuri ni kutonunua. Mwenzetu mmoja wa kamati alisema ni kama kungojea kamba wa msimu: msimu usipofika hata ukikesha baharini utarudi na nyavu tupu. Tulipofanya hesabu tena na tena tuliona kwamba ukiwa na ada ya shilingi 2, biashara ya kila siku haikubali. Ya wiki mbili tatu inaweza kukubali. Ya siku moja inahitaji ada ndogo kuliko hiyo, na jicho la mtu asiye na kazi nyingine. Nani kati yetu hana kazi nyingine?

Kuna wanaoukimbia mtego huo kwa kununua hisa za bei ya chini kabisa, za shilingi moja au senti. Wanasema, "hii ni rahisi, na ikipanda senti 10 tu nimepata asilimia kumi." Ni kweli, na ikishuka senti 10 je? Hisa haiwi rahisi kwa sababu ya bei yake kuwa ndogo. Mara nyingi ni ndogo kwa sababu kampuni ina madeni au haijapata faida kwa miaka. Mumias Sugar iliwahi kupendwa na wengi kwa sababu hiyo hiyo ya bei ndogo. Mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu wa mdai wake, biashara ya hisa zake ikasimamishwa, na wenye hisa wakabaki na karatasi.

Kusimamishwa huko mkuandike katika daftari, kwa maana wanaoanza hawaufikirii kabisa. Kenya Airways ilisimamishwa sokoni Julai 2020, na hisa zake hazikuuzwa tena mpaka Januari 2025. Miaka minne na nusu! Aliyezinunua asubuhi moja ya Juni 2020 akikusudia kuziuza wiki ijayo alingoja mpaka mtoto aliyekuwa chekechea akaingia darasa la nne. Tunasema hivi bila kuilaumu kampuni. Ilikuwa na mambo yake mazito na serikali na wadai. Tunachosema ni kwamba mwenye kufanya biashara ya muda mfupi asiguse kampuni ambayo kesho yake haijulikani, hata kama bei yake inarukaruka vizuri.

Sasa, sababu ya kusogea. Hisa husogea kwa habari, na habari nyingi zina majira yake kama mvua. Mwaka wa hesabu wa Safaricom huisha Machi 31, na matokeo yake hutolewa Mei. Benki huisha Desemba na nyingi hutangaza Machi, kisha hutoa hesabu kila miezi mitatu. Kampuni ikiona faida yake itashuka kwa asilimia 25 au zaidi inalazimika kutoa onyo kwa wenye hisa mapema. Hayo yote hutangazwa kwa watu wote, hakuna siri. Anayetaka kuchagua hisa kwa muda mfupi aweke kalenda ukutani, aandike tarehe hizo, na atazame siku za kabla na baada. Mtaona jambo la ajabu: mara nyingi hisa hupanda kabla ya habari njema na kushuka habari yenyewe ikitoka, kwa sababu waliokuwa wakingojea wamekwisha nunua na sasa wanauza. Wewe unayesikia redioni saa saba ndiye unayeuziwa.

Na gawio pia. Wengi hudhani ni ujanja kununua siku chache kabla ya daftari la wenye hisa kufungwa, upate gawio, kisha uuze. Wenye soko nao wanajua. Siku ya mwisho ya kununua pamoja na gawio ikishapita bei hushuka, mara nyingi kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, na gawio lako linakatwa kodi ya asilimia 5, na ada mbili ziko pale pale zinakungoja.

Tuwape mfano wa nyumbani. Bamburi, saruji yetu ya hapa Mombasa. Julai 2024 kundi la Amsons la Tanzania lilitangaza kuinunua kampuni hiyo kwa shilingi 65 kwa kila hisa, bei iliyokuwa juu sana ya ile ya sokoni. Hiyo ndiyo habari inayosogeza hisa! Lakini nani aliipata faida? Wale waliokuwa nazo tayari. Kwa kawaida hisa haiachiwi kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, na habari kama hiyo ikitoka wauzaji hujificha. Unaagiza na hupati. Baadaye ikajitokeza kampuni ya pili ikitaja shilingi 70, kisha ikaongeza zaidi. Watu wakaanza kuhesabu faida midomoni. Desemba 2024 ile ya pili ikajiondoa, na Amsons wakachukua karibu hisa zote kwa 65 zao. Aliyekuwa amenunua kwa kuitegemea ile bei ya pili, matumaini yake yakaishia hapo. Tulichojifunza ni kwamba hata habari ya kweli kabisa ina mwisho wake, na anayenunua baada ya habari ananunua matumaini ya watu wengine.

Tukisema matumaini, wenye umri wetu mnakumbuka 2008. Serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Foleni zilikuwa ndefu nje ya benki, na benki zenyewe zilikuwa zikikopesha watu pesa za kununulia. Maombi yakazidi hisa mara nyingi, kila mtu akapewa sehemu ndogo ya alizoomba, na riba ya mkopo mzima ikawa inahesabika. Hisa zikaanza kuuzwa Juni 9, 2008, zikapanda kupita 7. Kabla ya mwaka kwisha zilikuwa chini ya 5, na mwanzoni mwa 2009 zilikuwa chini ya 3. Sasa angalieni. Hisa hiyo hiyo ilifika zaidi ya 40 mwaka 2021, na mwaka 2023 ikarudi chini ya 15. Kampuni ni ile ile moja. Aliyekuwa na mkopo wa miezi michache aliuza kwa 3 akalia. Asiye na deni alikaa, na 2021 akacheka kama alikumbuka kuuza. Kilichowatenganisha hao wawili si ustadi wa kuchagua hisa, kwa sababu walichagua hisa moja. Kilichowatenganisha ni pesa waliyotumia ilikuwa ya nani na inatakiwa lini.

Hapo ndipo kamati inaposimama, na tutasema wazi. Pesa za hazina yetu zinatakiwa lini? Zinatakiwa Januari kwa karo. Zinatakiwa usiku wa manane mtu akipelekwa hospitali. Zinatakiwa na yule wa mzunguko wa wiki ijayo. Pesa yenye tarehe haiwezi kuingia katika hisa ya kuuza upesi, kwa sababu siku tutakayoihitaji si sisi tutakaoichagua bei.

Mabinti zetu watatuambia kwamba kuna watu wanaoishi kwa kazi hii. Wapo. Lakini tumetafuta hesabu, na hesabu hazifurahishi. Nchini Brazil wachunguzi Chague, De-Losso na Giovannetti waliwafuata watu walioanza biashara ya siku moja baina ya 2013 na 2015, si ya hisa zenyewe bali ya mikataba inayofuata kielezo cha soko la kule. Katika wale waliovumilia zaidi ya siku 300, watu 97 kwa kila 100 walipoteza. Taiwan nako, uchunguzi wa miaka ya 1992 hadi 2006 ulionyesha kwamba chini ya mmoja katika kila mia ndiye aliyeweza kupata faida ya kutegemewa baada ya ada. Na masoko hayo yana wanunuzi kuliko letu. Kama mmoja katika hao mia yumo ndani ya chama hiki tutafurahi sana, lakini ajipime kwa pesa yake kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo tungelipita, ila limekwisha mgusa mwenzetu. Yuko mama katika chama hiki aliyeingizwa katika kundi la WhatsApp ambamo "mwalimu" alikuwa akitaja hisa ya kununua kila asubuhi, na kila jioni watu wakitoa shukurani kwa faida. Alipotuma pesa zake kwa huyo mwalimu ili amnunulie, kundi likafutwa. Basi tuweke sheria moja isiyo na mjadala: pesa ya hisa hupita kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo orodha yake iko wazi kwa kila mtu, na hisa huonekana katika akaunti ya CDS iliyo kwa jina lako mwenyewe. Anayetaja hisa asiyotembea na kuwahimiza watu mia wainunue, muulizeni alinunua zake lini.

Mapendekezo yetu kwa mkutano mkuu ni haya. Robo ile isiguswe kwa biashara ya upesi. Ikiwa wanachama wanataka chama kimiliki hisa za kukaa, hilo ni shauri jingine na tuko tayari kulileta. Lakini hatutaki pia kuwanyamazisha mabinti zetu, kwa sababu wamesoma, na chama kisichosikia vijana wake hakitafika miaka ishirini. Kwa hivyo tumenunua madaftari kumi. Kila anayetaka achukue moja, achague hisa zisizozidi tatu, na kwa miezi mitatu aandike kila siku ya soko: bei ya kufungua, bei ya kufunga, idadi iliyouzwa, na habari iliyotoka. Aandike siku ambayo angenunua, bei ambayo angeuzia, na bei ambayo angekubali hasara atoke, yaani kama angenunua kwa 20 aseme mapema, "ikifika 19 naondoka." Kisha atoe ada zote mbili kwa kila safari. Wakubwa walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari linatangulia mali yenyewe.

Baada ya miezi mitatu, atakayekuwa na faida kwenye daftari aingie na pesa yake mwenyewe, si ya mkopo wa chama, na kiasi ambacho kikipotea chote nyumbani watakula kama kawaida. Tangu Agosti 2025 inawezekana kununua hata hisa moja sokoni, zamani zilikuwa zikiuzwa kwa mafungu ya 100, kwa hivyo kujifunza hakuhitaji pesa nyingi. Aulize tu kama dalali wake ana ada ya chini kabisa, kwa maana ada hiyo kwenye hisa tano inaweza kumeza hisa mbili.

Madaftari yako kwa mweka hazina, pale mezani karibu na vitabu hivi vya ukumbusho. Jina liandikwe kabla ya kuchukua. Tutakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi saa kumi, nyuma ya duka la nafaka, kulinganisha tulivyoandika, na wale waliosema ni kamari wanakaribishwa zaidi kuliko wote, tunawahitaji wa kuuliza maswali.